Fundi Aliyeshindwa Kufunga Duka Likafungika

Fundi alikuwa amekwisha kufika kwenye duka la dawa, pale barabara inapokata kwenda kituoni, aliposimama ghafla kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Mwenye duka la dawa alikuwa akifagia kibarazani. Hakuinua hata kichwa.

"Narudi mara moja," alisema yule mfagiaji, akimwigiza sauti, kabla fundi mwenyewe hajafumbua kinywa.

Na kweli fundi akageuka, akarudi.

Mtaani walimwita Rudirudi. Alikuwa fundi cherehani, mtu mrefu mwembamba, chaki sikioni, sindano mbili tatu zimechomekwa kwenye ukosi wa shati. Suti iliyotoka mkononi mwake ilimkaa mtu hadi akajisahau kuwa ana kitambi. Kazi yake haikuwa na kasoro. Mwenye kasoro alikuwa yeye, tena kasoro moja tu: hakuweza kufunga duka likafungika.

Kila jioni alichomoa pasi ukutani, akaisimamisha juu ya kigae chake, akazima taa, akashusha mlango wa chuma, akatia kufuli, akalivuta kufuli, akalivuta tena. Akaondoka. Hata hajafika mbali, lile swali lilimpanda kutoka tumboni kama kiungulia: pasi je? Nimeichomoa? Alijua ameichomoa. Lakini alipojaribu kukumbuka mkono wake ukiichomoa, hakuona mkono. Basi akarudi, akafungua, akaikuta pasi baridi, waya unaning'inia. Akacheka kidogo, akafunga. Na akifika tena kwenye duka la dawa: ile niliyoiona ni ya sasa hivi, au ni ya jana?

Jambo hilo lilimwanza mwaka ule duka la magodoro lilipoungua, mwisho wa mtaa wao. Wengine walisema ni pasi, wengine wakasema ni nyaya, wengine wakasema yao. Hakuna aliyejua. Fundi alipita asubuhi, akamwona mwenye duka ameketi kwenye ukingo wa barabara, nguo zimejaa masizi, ameshika ufunguo wa mlango ambao haupo tena. Fundi hakusahau ule ufunguo. Toka siku hiyo roho yake haikutulia. Akawa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jirani yake ukutani kwa ukuta alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi na huruma nyingi. Mwanzoni fundi alikuwa akimpigia simu.

"Kaka, hebu nichungulilie hapo. Hakuna moshi?"

"Moshi hakuna."

"Na harufu?"

"Harufu ipo, ya mafuta ya nywele, ni ya kwangu. Fundi, nenda ukalale."

Simu zilipozidi, kinyozi akampa akili. "Wewe una simu yenye kamera. Ipige picha pasi kila unapofunga. Ukishikwa na wasiwasi, fungua, tazama, basi."

Fundi aliona mwanga. Siku za mwanzo alitembea hadi nyumbani bila kugeuka, mke wake akashangaa kumwona mapema hivyo. Lakini picha ya leo na ya jana zilifanana kama mapacha: pasi ileile, kigae kilekile, waya uleule. Akaanza kutazama saa iliyoandikwa chini ya picha. Saa ilikuwa sahihi. Sawa, akajiambia, imepigwa leo. Lakini je, baada ya kuipiga, sikugusa kitu? Si nilirudi ndani kuchukua mwavuli? Na alipofikia hapo, miguu ilikuwa imekwisha kugeuka.

Mtaa ulicheka, na yeye alicheka nao. Kilichoimaliza mizaha ni siku ya mahafali ya binti yake.

Binti huyo alikuwa mtoto wao wa pekee, na siku hiyo alikuwa akihitimu ualimu. Asubuhi fundi alipitia dukani kulinyoosha gauni ambalo binti angelivaa ndani ya joho. Aliinyoosha mikunjo, akanyoosha hata mahali pasipo na mkunjo, akampelekea. Saa ya sherehe yeye na mkewe walikuwa wamekaa safu ya tatu, mke amevaa kitenge kipya, yeye suti ya kijivu aliyojishonea mwenyewe. Spika zilikoroma. Mgeni rasmi alichelewa. Na katika kungoja, lile swali likampanda.

"Usinitazame hivyo," mkewe alisema bila kugeuza shingo. "Najua hayo macho."

"Leo niliitumia asubuhi. Nilikuwa na haraka."

"Una picha."

"Leo sikupiga."

Mkewe alifumba macho. "Mume wangu, mtoto wetu yuko pale. Anatutafuta kwa macho. Kaa."

Alikaa. Mguu wake wa kulia ukaanza kucheza kama unakanyaga cherehani. Alimpigia kinyozi, simu haikupokelewa. Siku ile kinyozi alikuwa na wateja hadi mlangoni. Fundi akasikia harufu ya kitu kinachoungua, ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Akainuka nusu, akainama kama mtu anayepita mbele ya wakubwa.

"Narudi mara moja."

Pasi ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Aliporudi ukumbini jasho linamtiririka mgongoni, viti vilikuwa vikisogezwa na watu wakipigana picha. Mkewe alimsimulia kwa maneno machache, na uchache wake ndio uliomuumiza. Binti yao alikuwa wa kwanza katika somo lake. Alipoitwa kupokea zawadi, mshereheshaji akaomba wazazi wote wawili wapande jukwaani wasimame naye. Mama alipanda peke yake. Mshereheshaji akauliza kwa kipaza sauti, "Na baba?" Na binti, mbele ya watu wote, akajibu, "Anarudi mara moja." Ukumbi ukacheka.

"Yeye alicheka?" fundi aliuliza.

"Muulize."

Hakumwuliza. Binti alimsalimia vizuri, akampa joho amshikie. Afadhali angefoka.

Basi fundi akatafuta dawa yake mwenyewe. Jumapili iliyofuata walialikwa chakula cha mchana kwa dada wa mkewe, kumpongeza binti. Mkewe alipoinua mfuko aliokuja nao mumewe kutoka dukani, mkono ulimshuka.

"Umeweka nini humu? Matofali?"

"Zawadi," alisema fundi, akaunyakua.

Huko kwa shemeji, mtoto mmoja wa nyumbani aliyetaka kuona zawadi aliupindua mfuko, na pasi ikaangukia sakafuni kwa kishindo kilichosimamisha maongezi. Kisha shemeji akashika mbavu. "Jamani! Shemeji kaja na mwenzake! Mwekeeni sahani!" Watu walicheka mpaka machozi. Fundi naye alitabasamu. Pasi iko hapa, mbele yake, kwenye zulia la watu. Hakuna pasi nyingine duniani inayomhusu. Alingoja utulivu ushuke.

Badala yake likaja kufuli. Alifunga kufuli? Na pasi haimo dukani, mwizi akiingia si atadhani...

Binti alikuwa akimtazama. Aliona mguu wa kulia umeanza kucheza. Alihamia kwenye kiti kilicho karibu naye, akasema kwa sauti ya chini, "Baba. Hata sasa? Na pasi unayo?"

"Kufuli," fundi alisema. Na kwa mara ya kwanza aliogopa kweli, si moto, aliogopa kichwa chake mwenyewe. "Mwanangu, mimi nimeharibika?"

Hasira aliyokuwa nayo binti tangu mahafali ikayeyuka hapo hapo. Alichukua mkono wa baba yake wenye sugu la mkasi, akaushika.

"Hujaharibika. Kuna jambo tulifundishwa chuoni. Nilipolisikia nilikukumbuka wewe. Tukifika nyumbani nitakuonyesha, usiponiamini basi."

Alasiri ileile aliwasimamisha wazazi wake jikoni. Jiko lao la gesi lilikuwa na swichi nne. Alifunga mtungi, ili pasiwe na hatari, akampa baba yake kazi: washa tatu kati ya nne, zozote, kisha zima, kisha angalia kwa makini kama zimezimika. Halafu tena, nyingine tatu. Halafu tena. Mama alipewa kazi hiyohiyo kwa madirisha: fungua, funga, angalia. Waliendelea hadi mama akasema madirisha yamechoka, na fundi akaanza kuona maluweluwe. Mwishoni binti alimwita mama, akamwambia afanye jikoni mara moja tu, swichi tatu, azime, aangalie. Kisha akamwita baba afanye mara ya mwisho.

"Sasa geukeni ukutani. Mama, uliwasha zipi?"

"Mbili za mbele na ya nyuma kushoto," mama alijibu pale pale. "Na hiyo ya nyuma ina mafuta yameganda. Nani alikaanga jana hakufuta?"

"Baba?"

Fundi alifungua kinywa. Aliziona swichi, aliziona vizuri kabisa, zote, mara chungu nzima, zimerundikana kama nguo za wateja kwenye kapu. Ipi ilikuwa ya mwisho? "Za mbele... hapana. Ya kulia, na..." Akahesabu kwa vidole. "Lakini zimezimwa. Hilo najua."

"Unajua. Ila hukumbuki."

"Si ni hicho hicho?"

"Sivyo, baba. Wewe unadhani unarudi kwa sababu kumbukumbu yako ni mbovu. Ni kinyume. Kumbukumbu inafifia kwa sababu unarudi. Kitu ukikiangalia mara nyingi, macho yanaacha kukishika. Yanapita juu juu. Kila unapoangalia tena, unapaka chokaa juu ya ile uliyoiona mwanzo. Mwishowe unabaki na ujuzi usio na picha, na moyo haumwamini mtu asiye na picha."

Fundi alikaa kwenye kigoda. "Yaani kadiri ninavyohakikisha..."

"Ndivyo unavyopungukiwa na hakika."

"Hicho ni kiini macho."

"Haya, sema 'pindo'. Sema pole pole, usiache."

"Pindo," alisema fundi, neno alilolitamka kila siku ya maisha yake. "Pindo. Pindo. Pindo. Pindo. Pindo..." Uso wake ukabadilika. Neno lilikuwa likimtoka mdomoni kama la wageni, sauti tupu, halina kitambaa wala uzi. Alimtazama mkewe. "Pindo ni nini?"

Mkewe, aliyekuwa akifuta swichi yenye mafuta, alilia kwa kicheko. Fundi hakucheka. Aliinuka, akazunguka jikoni, akakaa, akainuka. Ilikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba dawa anayoinywa ndiyo inayomuumiza.

Binti alimpa masharti mawili. La kwanza, angalia mara moja tu, lakini angalia kama mtu anayenunua: tafuta kitu cha leo ambacho jana hakikuwepo, ukitamke kwa sauti. La pili ndilo gumu. Swali likija njiani, usilijibu. "Ni mwasho, baba. Ukiukuna unanoga, kisha unakua. Usipoukuna utapanda, utapanda, kisha utachoka wenyewe. Wasiwasi nao huchoka."

"Wa kwangu haujawahi kuchoka."

"Haujawahi kuachwa uchoke."

Wiki zilizofuata wapita njia walimsikia fundi akizungumza na pasi. "Leo una uzi mwekundu umekunasa kwenye waya." Kinyozi aliweka kichwa mlangoni: "Kaka, sasa imeanza kukujibu?" Kuna jioni alifika nyumbani bila kugeuka, amekunja ngumi mfukoni. Kuna jioni alifika duka la dawa akashindwa, akarudi kwa njia ya uchochoroni ili mfagiaji asimwone.

Ndipo binti akapangiwa shule ya mbali, mwendo wa siku nzima kwa treni. Alisema, bila kumtazama mtu, kwamba angependa wazazi wote wawili wamsindikize. Alilitilia mkazo hilo neno "wote".

Asubuhi ya safari fundi alifunga duka mbele yao.

"Umeona nini?" binti aliuliza.

"Waya umeangukia kipande cha kitambaa cha kijani. Umejilaza kama nyoka aliyeshiba."

"Basi twende."

Treni ilipoanza kusogea alikuwa mtulivu kupita kiasi, anawaonyesha majengo dirishani kama mwenyeji wa mji. Walipovuka daraja la kwanza, wasiwasi ulimpanda. Kile kitambaa cha kijani, ni cha leo au cha juzi alipokata sare za shule? Alisimama, akakaa. Alitembea hadi mwisho wa behewa, akarudi, akamuuliza mkagua tiketi kituo kinachofuata ni kipi, ingawa alikuwa amemuuliza muda si mrefu.

"Usikune, baba," binti alisema.

"Umenifika kichwani."

"Utachoka."

"Nani kakwambia?"

"Kitabu."

"Kitabu hakina duka!"

Alisema kwa ukali hadi abiria wakageuka. Mkewe alimwekea mkono gotini, na goti likaendelea kucheza chini ya mkono.

Kwenye stesheni ya njia panda treni ilisimama kuingojea nyingine ipite. Fundi alisema anashuka kununua maji. Ng'ambo ya jukwaa ilikuwa imesimama treni iendayo kule walikotoka, milango wazi, nusu tupu. Watu wawili watatu walikuwa wakipanda bila haraka. Angeketi humo, jioni angekuwa mlangoni kwake, ufunguo mkononi, na yote yangekwisha. Miguu yake ilijua njia. Alijisikia tayari anasema yale maneno yake matatu.

Aligeuka kutazama behewa lao. Alitegemea kumwona binti dirishani akimpungia, akimwomba. Binti hakuwa akimwomba. Alikuwa amekaa wima, anatazama mbele, kama alivyosimama pengine siku ile jukwaani, na shingo yake ilikuwa imekaza kwa namna ambayo fundi aliijua: ni ile ya mtu anayepimwa nguo mpya na anaogopa kupumua.

King'ora kililia. Hakujua ni cha treni ipi kati ya hizo mbili. Alikimbia.

"Maji yako wapi?" mkewe aliuliza alipoketi akihema.

"Yalikuwa ya moto."

Mkewe alimtazama, akamtazama tena, akafungua kikapu akampa chupa waliyotoka nayo nyumbani. Binti aligeukia dirisha, na fundi aliona bega lake likishuka taratibu.

Wasiwasi haukuisha. Treni ilipoondoka ndipo ulipochachamaa, kwa kuwa sasa hapakuwa na namna. Alishika ubao wa kiti kama mtu aliye juu ya farasi. Mbele yake alikuwa ameketi bwana mmoja wa makamo, anasinzia, amevaa koti la kahawia. Bega la kushoto la koti lile lilikuwa limepandishwa vibaya. Mkono umeshonewa nyuma mno, ndiyo maana kitambaa kilijikunja kwapani. Fundi hakutaka kuliona. Lakini jicho la fundi halina adabu. Aliyefanya hivi alikata mikono yote miwili ya koti kwa kipimo cha mkono mmoja, akawaza. Akifumua hapa, akausogeza mkono mbele kidogo...

Bwana yule alifumbua macho, akamkuta mtu mrefu ameinamia kwapa lake.

"Samahani, bwana. Hili koti linakubana ukiinua mkono, sivyo?"

"Tangu nililinunua," alisema yule bwana kwa mshangao.

"Livue."

Alifumua kwa ncha ya wembe aliokuwa nao mfukoni, akachomoa sindano yenye uzi ukosini, akashona kwa mkono treni ikimyumbisha, akilaani kila kona. Abiria wa jirani walisogea kutazama. Alimvalisha mwenyewe, akalivuta bega, akapiga vumbi lisilokuwepo. Yule bwana alinyoosha mkono juu hadi kwenye rafu ya mizigo, akaushusha, akaunyoosha tena, anacheka kama mtoto.

Hapo ndipo fundi alipoketi, akagundua kwamba kwa muda mrefu, hakujua mrefu kiasi gani, duka lake halikuwepo duniani. Na mara alipoligundua hilo, swali likarudi. Lakini lilirudi dogo, likasimama kando kama mwanafunzi aliyechelewa, linangoja kuruhusiwa. Alilitazama. Hakuliruhusu, wala hakulifukuza.

"Limechoka," alimwambia binti yake, kwa namna ya kuogopa.

Binti hakusema "nilikwambia". Alimlazia kichwa begani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipokuwa msichana wa shule ya msingi, na fundi akakaa bila kusogeza hata kidole, mguu wa kulia ukiruka kidogo, ukitulia, ukiruka.

Walimwona mwalimu wao akiingia darasani siku ya kwanza, wote wawili wamesimama nje ya uzio wa shule hadi mlinzi akawauliza wanamsubiri nani. Mkewe akaanza kumwita Baba Mwalimu, na mtaani wengine wakaufuata wito huo, ingawa lile jina la zamani halikufa. Majina ya namna hiyo hayafi.

Wala si kwamba alipona. Anayesema wasiwasi hung'oka kama jino hajawahi kuwa nao. Msimu wa mvua uliopita, umeme ulipokuwa ukikatika na kurudi kila mara, alirudi dukani mara mbili jioni moja, akampigia binti yake simu amwambie, maana walikubaliana asifiche.

"Nimeshindwa leo."

"Haya, baba. Kesho tena?"

"Kesho tena," alisema fundi. Akamwuliza wanafunzi wake hawajambo, akamwuliza kama anakula vizuri, akamwuliza mambo mengine mengi, akiwa anazunguka chumba kizima na simu sikioni, hadi mkewe akamwambia akae chini, chakula kinapoa.